Mbuzi wa Kumzaa Moffat

Jumamosi ile ya Julai ukungu ulikataa kuondoka Wamagana. Saa tatu asubuhi bado ulikuwa umekalia mabati ya soko kama kuku anayelalia mayai, nami nilikuwa nimeinamia karai nikigeuza mandazi. Binti yangu Ngendo akaingia hotelini kwangu akipangusa umande kwenye sweta, akicheka peke yake.

"Maitu, umesikia? Mzee Moffat anazaliwa leo."

"Azaliwe mara ngapi? Ako na miaka hamsini na saba."

"Anazaliwa kwa mbuzi! Mjomba Kingori anamchinjia ile dume yake nyeupe, yenye shingo nyeusi. Wazee wamefika tangu asubuhi. Leo huyu Mnyasa wetu anapata ukoo."

"Ukoo gani?"

"Si wa mjomba! Ukoo wenu, Ambui." Akavuta kiti. "Na vile mjomba hupenda kushika vitu vyake! Mimi nimeshangaa. Ati amefanya roho safi... Maitu, mandazi yanaungua."

"Wacha yaungue."

Ngendo akageuka kunitazama. Alikuwa amekulia katika moshi wa karai langu, na hakuwahi kunisikia nikisema neno kama hilo.

Huenda wewe unayesoma hukuzaliwa upande wetu wa mlima, kwa hivyo nikueleze kabla sijavua aproni. Kwetu mtu aliyetoka mbali, asiye na baba wala kaka karibu, anaweza kuzaliwa upya. Ukoo unaomkubali unachinja mbuzi, wazee wanamwombea, kisha kipande cha ngozi ya mbuzi yule kinakatwa na kuvishwa mkononi mwake. Hapo amezaliwa. Si mzaha, wala si jina la heshima. Anapata baba, anapata ndugu, na akifa anazikwa kama mtoto wa nyumba. Tena jambo hilo haliwezi kufutwa. Aliyezaliwa kwa tumbo harudi tumboni, na aliyezaliwa kwa mbuzi ni vivyo hivyo.

Sasa, Ambui ni ukoo wa baba yangu. Kingori ni kaka yangu, tumenyonya titi moja. Ngozi ile ikishaingia mkononi mwa Moffat, Moffat angekuwa ndugu yangu. Na watoto wa ukoo mmoja hawaoani, hata wawe na mvi mpaka kwenye nyusi.

Na Moffat alikuwa ameniposa mwezi wa Aprili.

Hakuna aliyejua. Nilikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, nyanya wa wajukuu watatu, na siri hiyo niliificha vizuri kuliko sukari.

Moffat Mhango alifika Wamagana mara ya kwanza akisindikiza jeneza. Mutahi wa hapa kwetu alikuwa mpishi mwenzake katika hoteli kubwa ya watalii kule Malindi, na Mutahi alipofariki Moffat akasafiri naye siku mbili ili asirudi nyumbani peke yake. Akaona kijiji kizima kikitoka, wanaume wakipokezana majembe, wanawake wakiimba mpaka mchanga wa mwisho. Mwaka uliofuata, wa sabini na tano, alistaafu. Wenzake walimwambia abaki ufukoni. Binamu wakamwandikia kutoka kwao Malawi arudi ziwani. Yeye akaja Wamagana na sanduku moja la bati, akakodi chumba nyuma ya soko, akapanda karoti kwenye madebe.

"Lakini kwa nini huku kwa baridi, Mzee Moffat?" nilimuuliza siku moja nikimmiminia chai.

"Bi Warigia," akasema kwa kile Kiswahili chake cha pwani, laini kama samli, "kule Malindi nimewatumikia watu waliokuja kupumzika, miaka ishirini na sita. Mtu hapumziki mahali alipopumzishia wengine."

Alipogundua napenda vitendawili, ikawa kila siku saa kumi yuko kwenye meza ya dirishani.

"Kitendawili," nilimwambia.

"Tega."

"Mzee wangu huvua kofia alfajiri. Ikifika saa nne anaivaa, na hata mkimwimbia haivui tena."

Alifikiri mpaka chai ikaota ngozi. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Malindi. Siihitaji tena."

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Nimeenda Malindi, nimekula samaki, nimerudi. Ni Kirinyaga! Asubuhi unauona mlima wote, saa nne mawingu yameufunika."

"Basi hiyo si haki. Mie huamka saa nne."

Kisha ikaja ile siku ya Aprili, mvua ikipiga bati hata husikii mwenzako. Alingoja itulie. Macho yake yalikuwa kwenye mikono yangu, na mikono yangu ikasahau ilikuwa inafanya nini.

"Bi Warigia, mie hupika sahani moja. Ni kazi ya huzuni sana kwa mpishi, kupika sahani moja. Nataka nikuoe, kama nawe wataka."

Nilisema nini mimi? Nilisema, "Ngoja mvua iishe."

Mvua ikaisha mwezi wa Juni. Nikamwekea chai mwezi mzima bila kumtazama machoni. Si kwamba sikumtaka. Nilimtaka hata nikawa natia sukari mara mbili kwenye kikombe kimoja. Lakini niliona aibu. Kila nikifungua mdomo naona uso wa Kingori, naona wanawake wa kanisa wakigusana viwiko.

Nilivua aproni. Ngendo alikuwa bado ananitazama.

"Maitu, niambie si vile ninafikiria."

"Unafikiria nini?"

"Wewe na Mzee Moffat."

"Basi ni vile."

Aliketi tena, polepole, kama mtu aliyeshikwa na goti. "Na baba?"

"Baba yako nilimpenda, nikamzika, nikamlilia miaka tisa. Sijamwacha, Ngendo. Alikufa."

"Watu watasema nini? Uko na wajukuu watatu!"

"Hao wajukuu ndio kila Jumapili wanakimbia kwa Moffat kula keki. Umewahi kuwazuia?"

"Na shamba ya baba?"

"Shamba ni yenu. Sitoki pale na hata mti mmoja wa kahawa. Niko na hii hoteli, niko na miguu miwili."

Akaangalia sakafu. Nje mtu alikuwa anapiga mluzi akifungua duka. Kisha akauliza lile swali nililokuwa nalikwepa. "Mjomba anajua?"

Sikuwa nimemwambia. Lakini Kingori hajawahi kumpa mtu hata mche wa kabichi bila sababu, na leo alikuwa anatoa ukoo.

"Nafikiri anajua," nikasema.

Ngendo alisimama, akaninyang'anya kijiko cha matundu. "Sasa unangoja nini hapa? Hiyo ngozi ikikatwa, Mzee Moffat atakuwa mjomba wangu!" Akaanza kuokota mandazi meusi. "Sijasema nimekubali. Hiyo tutaongea. Lakini nenda!"

Nikaenda. Boma la Kingori liko ng'ambo ya mto, na njia ile katika ukungu huteleza kama mlenda. Nilivaa gambuti, nikapandisha sketi, nikapita katikati ya majani ya nepia nikilowa mpaka kiunoni. Murugi, jirani yangu, alikuwa anapanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni.

"Warigia! Unakimbia hivyo, kwani kuna moto?"

"Ndiyo!"

"Wapi?"

"Kwangu!" nikamjibu, nikampita.

Niliona moshi kabla sijaona nyumba. Wazee watano walikuwa wameketi kwenye benchi kando ya zizi. Kati yao alikuwa Wamae, mzee mrefu wa ukoo wa Agaciku, aliyeitwa kutoka kijiji cha pili awe shahidi. Kingori alikuwa amechuchumaa, ananoa kisu. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mwimo wa lango la zizi, anatafuna kwa amani yake. Nikapumua. Alikuwa hai.

Na Moffat! Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate, tai nyeusi, na koti yake ya sherehe ameitupia mabegani. Mkono wa kulia wa shati alikuwa ameukunja mpaka kwenye kiwiko, tayari kuvishwa ngozi. Aliponiona aliinuka, uso wote ukiwaka.

"Bi Warigia! Nilijua utakuja. Leo napata watu."

Moyo wangu ulivunjika hapo hapo, maana nilikuwa nimekuja kumnyang'anya.

"Kaka," nikasema, "weka kisu chini kwanza."

Kingori hakuinua kichwa. "Wanawake wako jikoni, Warigia. Unajua njia."

"Nimeiona. Weka kisu chini."

Mzee mmoja aliguna. Wamae aliegemea fimbo yake. "Binti wa Ambui, umekuja na msiba?"

"Bado, mzee wangu. Nimekuja kuuzuia. Nipeni Mzee Moffat, niongee na yeye maneno mawili pale kando."

"Kando ya nini?" Kingori alisimama sasa, mpana, kofia imeketi juu ya masikio. "Huyu anazaliwa ndugu yako. Ndugu na dada wako na siri gani? Ongea hapa."

Alidhani nitashindwa. Tangu utotoni alijua udhaifu wangu. Mbele ya watu mimi huwa bubu.

Nikamgeukia Moffat. "Ulimwambia nini kaka yangu?"

"Nilimwambia ukweli. Kwamba nataka kuja kuposa kwake, ila sina wazee wa kuja nao. Nimemficha nini?" Akatabasamu kwa Kingori kama mtu anayetaja mema ya mwenzake. "Naye kwa hisani yake akaniambia, Moffat, mtu bila ukoo haoi. Uzaliwe kwanza, halafu ndiyo tutaongea maneno ya kuoa."

"Alikwambia baada ya kuzaliwa utakuwa nani wangu?"

"Nitakuwa mtu anayejulikana. Nilidhani ni kama barua ya chifu."

"Utakuwa kaka yangu, Moffat. Kama huyu. Ngozi ikiingia mkono wako, mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Watoto wangu watakuita mjomba. Mtu akija kuniposa, ni wewe atakuletea pombe."

Tabasamu lake lilitoka polepole, kama mtu anayefungua vifungo, kimoja kimoja. Alimtazama Kingori.

"Bwana Kingori. Ulijua?"

"Nilijua nini? Nilikupa kitu hakuna mtu mwingine hapa amekupa. Ukoo. Ndugu. Mahali pa kuzikwa. Hiyo ni kidogo?"

"Si kidogo," Moffat akasema. Sauti yake ilishuka. "Ndicho kilichonileta huku."

Wazee wote kwenye benchi waligeuka kumtazama. Mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea na kazi yake. Moffat akanigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira katika yale macho ya upole.

"Nilikungoja, Bi Warigia. Ulisema mvua iishe. Ikaisha. Nikakaa dirishani mwezi mzima, wanipa chai wanipa mgongo. Nikadhani labda huku kwenu ndivyo hapana isemwavyo kwa adabu."

"Sikusema hapana."

"Hukusema neno! Nikasema, basi, nijitengeneze. Nipate ukoo, labda ataniona mtu." Aliunyosha mkono wake uliokunjwa shati, akautazama. "Miaka yangu imekwenda. Nikirudi kwetu, watoto watauliza, huyu babu ni wa nani? Na hapa wazee hawa wako tayari kusema, ni wetu. Nikimkataa mbuzi huyu, kaka yako hatanifungia wa pili. Nawe wanipa nini? Niambie leo. Wanipa nini?"

Masikio yalikuwa mengi. Nyuma yangu niliwasikia wanawake wakitoka jikoni mmoja mmoja, sufuria zikiachwa motoni. Mimi mwenye kitendawili cha kila kitu, kitendawili cha kinu, cha kivuli, cha jino lililong'oka, siku hiyo sikupata hata kimoja cha kujificha ndani yake.

"Ukoo sina wa kukupa," nikasema. "Mwanamke hagawi ukoo. Niko na hoteli ya meza nne. Niko na goti moja linauma wakati wa baridi, na huku baridi unaijua. Niko na watoto watatu, na wengine pengine hawatakusalimia mwaka wa kwanza. Hiyo ndiyo iko." Nikafuta mikono kwenye sketi. "Na ninakutaka. Nilikutaka kabla mvua ianze. Nilinyamaza kwa aibu, nikijiambia mwanamke wa umri wangu hasemi mambo hayo. Sasa nimesema, wazee wote wamesikia, na hata haikuwa aibu kubwa vile. Wakiuliza huyu babu ni wa nani, nitajibu mimi. Ukitangulia, nitakuzika mimi. Nikitangulia, utalia wewe. Na mtu asiniambie mjane wa Mnyasa halii vizuri."

Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga kigelegele kifupi, akanyamazishwa.

Moffat alinitazama muda mrefu. Sijui wewe kama umewahi kutazamwa hivyo. Mimi mara ya kwanza nilitazamwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa, nikadhani ni kitu mtu hupewa mara moja, kama meno ya ukubwani. Kisha akashika ule mkono wa shati. Akaukunjua taratibu, pindo moja, pindo la pili, akaufikisha kwenye kifundo, akafunga kifungo.

"Bwana Kingori, nashukuru kwa mbuzi wako. Nashukuru kweli. Lakini mie nilishazaliwa. Mama yangu alinizaa kando ya ziwa, usiku kucha, na alisema mara moja yatosha."

Wamae alicheka, akakohoa, akajifuta macho. Kingori hakucheka. Alikuwa bado ameshika kisu, ila alikishika kama mtu aliyesahau ni kitu gani.

"Warigia," akasema, na hapo sauti haikuwa ya mkubwa wa boma, ilikuwa ya yule kijana aliyekuwa akinibeba kuvuka mto. "Bwana yako alikuwa rika yangu. Tulitahiriwa siku moja, maji ya baridi moja. Aliniambia nikuchunge. Nikikutoa kwa mtu mwingine, nitamwambia nini huko mbele?"

Hilo sikulijua. Miaka tisa nilidhani Kingori analinda jina lake, kumbe alikuwa anamlilia rafiki.

"Mwambie ulinichunga," nikasema. "Mwambie hukunizika pamoja na yeye."

Alikodoa macho kwenye moshi.

"Kingori," Wamae akasema, "nilitembea kutoka kwangu na hii miguu mibaya kuja kushuhudia kuzaliwa kwa mtu. Hukuniambia ni mtego. Mbuzi ya baraka kuchinjwa kwa hila! Ingetufuata sisi sote, na mimi nimebakisha meno manne tu, siwezi laana."

"Haikuwa hila. Nilitaka akae karibu yake bila maneno ya watu."

"Ulimfunga kwa wema. Hiyo ndiyo kamba mbaya zaidi, maana mtu huona aibu kuikata."

Kingori alivua kofia, akaivaa tena. "Sawa. Sawa! Lakini mimi siwezi kutoa dada yangu kwa mtu aliyeingia hapa ati kuzaliwa. Na kuposa mtu haji peke yake kama mwizi wa kuku. Nani atamsemea?"

"Mimi," Wamae akasema.

"Wewe?"

"Mimi ni wa Agaciku. Sina undugu na wewe, sina undugu na marehemu. Nani anaweza kunikataza?"

"Na atakuja mikono mitupu?"

Hapo palikuwa na shida. Moffat alijipapasa mifukoni, akatoa leso, akairudisha. Wazee walitazamana. Kingori alikwenda kwenye zizi, akasimama mbele ya dume lake kana kwamba wanashauriana. Kisha akafungua kamba, akarudi, akaiweka katika mkono wa Moffat.

"Usiniangalie hivyo, Mnyasa. Sijakupenda bado. Toka na yeye nje ya lango langu, ingia na yeye kama watu."

Mbuzi alikataa kutoka. Alikuwa amezoea zizi lake, hakuona sababu ya safari. Moffat akivuta mbele kwa tai yake na koti yake, Wamae akisukuma nyuma kwa fimbo, wakabishana na yule mnyama ua mzima, huku wanawake sasa wakicheka bila kujificha. Walipotokomea nje ya lango, Ngendo akaingia mbio, ananuka mafuta ya karai, nywele zimelowa ukungu.

"Nimechelewa? Maitu! Nimempita hapo nje anavuta mbuzi. Ni mjomba ama si mjomba?"

"Si mjomba."

Akashika kifua. Akaja akasimama karibu yangu, bega kwa bega. "Ameloa suruali yote," akanong'ona. "Nani atamfulia?"

"Hujifulia mwenyewe. Na kupiga pasi."

"Ai. Baba hakuwahi kushika pasi." Akakamua maji kwenye nywele. "Basi nitamwita Mzee. Mzee tu, kwanza. Hayo mengine tutaona."

"Hodi hapa!" sauti ya Wamae ikatoka upande wa pili wa ua.

Kingori alikuwa amejiketisha kwenye kiti chake cha miguu mitatu. Hakujibu. Aliwaacha wasimame. Alitengeneza kofia, akapangusa goti, akachungulia mbingu kuona kama ukungu unainuka. Nilitaka kumfinya.

"Hodi!"

"Ni nani?" hatimaye akauliza, kama mtu asiyetarajia mgeni.

"Ni Wamae wa Agaciku. Niko na kijana hapa."

"Kijana wa miaka mingapi?"

"Hamsini na saba. Mwenye tabia nzuri. Tulikuwa tunapita, tukaona moshi, tukasema hapa pako watu. Kijana anasema ameona kitu kizuri katika nyumba hii, na tangu akione hali, halali."

"Anakula sana," Ngendo akanong'ona. "Muongo huyo." Nikamkanyaga mguu.

"Karibuni," Kingori akasema. "Tuwasikie."

Wakaingia. Safari hii mbuzi aliingia mwenyewe, mbele yao, akienda nyumbani. Moffat alisimama pale katikati ya ua, tope mpaka magotini, akatoa salamu kwa kila mzee kwa mkono wake wa kulia, mmoja mmoja, kama anaingia mara ya kwanza. Wamae alisema maneno aliyopaswa kusema, akayasema marefu. Kingori aliuliza aliyopaswa kuuliza, akayauliza makali. Kisha kikaletwa kibuyu cha muratina, ile pombe ya asali iliyokuwa imeandaliwa kwa kumzaa mtu, na Kingori akaimimina katika pembe ya ng'ombe mpaka povu likagusa ukingo.

Hakuinywa. Kwetu hainywewi kabla ya swali moja, na swali hilo haliulizwi wanaume. Niliulizwa mara ya kwanza na baba yangu, nikiwa msichana, na nilijibu nikiangalia vidole vya miguu yangu, maana kila mtu alikuwa ameshaamua na jibu langu lilikuwa la kukamilisha tu. Sasa baba hayupo, na kaka yangu ndiye aliyeshika pembe, imejaa hata povu likamwagikia vidole.

"Warigia," akasema. "Watu hawa wameleta pombe kwa sababu yako. Tunywe, ama tuimwage?"

Niliinua uso. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka juu ya zizi, na Moffat alikuwa amenitazama bila kupepesa, midomo imefungwa, kama mtoto aliyezama majini anashikilia pumzi.

Nilikwenda mpaka mbele ya kiti. Nikapokea ile pembe kwa mikono miwili, nikaonja kwanza mimi, kali na tamu, nikairudisha mikononi mwa kaka yangu.

"Kunywa, Kingori," nikasema kwa sauti iliyofika jikoni. "Kunyweni nyote."

Aliipokea. Kisha akafumba macho, akaiinua, na akanywa mpaka chini.